Nirudishieni Maneno Yangu

Nyuma ya nyumba yangu Mbagala imebaki nafasi ya chumba na sebule, na nataka kujenga hapo nyumba ndogo ya kupangisha. Sentensi hiyo siwezi kuitamka mbele za watu. Nikiitamka msibani, wazee wanakohoa. Nikiitamka kazini, vijana wananipa mkono. Mama watoto ndiye aliyechagua hata rangi ya bati, lakini fundi alipopiga simu ikiwa kwenye spika, wakwe wamekaa, akasema, "Mzee, ile nyumba ndogo yako imekwama, inataka hela," baba mkwe aliweka kikombe chini taratibu, akaniangalia.

Nyumba ni nyumba, ndogo ni ndogo. Huyo mwanamke kaingilia mlango gani?

Mchepuko nao wameupora. Barabara za Dar zinachimbwa kila uchao, na pembeni kinawekwa kibao cha kukuelekeza mchepuko. Ukichelewa nyumbani, ukweli mtupu ni kwamba ulikuwa kwenye mchepuko. Haya, kauseme huo ukweli saa tatu usiku! Halafu kampeni za Ukimwi zikaja kutuhimiza tubaki njia kuu. Mimi sina kipingamizi, ila njia kuu imefungwa, wanamwaga zege.

Jirani yangu karani ndiye aliyeumia hasa. Mwishoni mwa mwaka 2015 Rais Magufuli aliingia madarakani na kaulimbiu ya kutumbua majipu, na watumishi wakawa wanaondolewa kazini huku taifa zima likishangilia. Katika siku zilezile jirani akaota jipu la kweli, shingoni, linavuta mpaka sikio. Kuomba ruhusa kwa bosi akaenda kutumbuliwa jipu? Thubutu! Aliandika "uvimbe", akavaa skafu kwenye joto la Desemba.

Chai ndiyo imenichosha kabisa, maana ina makosa mawili kwa mpigo. Huku kwetu ukimwambia kijana kisa cha kweli, anakujibu, "Hiyo chai, mzee," yaani umemdanganya. Ukivuka mpaka ukamwambia trafiki wa Nairobi, "Afande, karibu chai," hata kama chupa unayo mkononi na vitafunwa juu, ujue umetoa hongo kwa mdomo wako. Majani yenyewe yanachumwa Mufindi na Kericho, hayajamkosea mtu.

BAKITA wapo tangu 1967, wanatusanifia istilahi za kila aina. Nawaomba wafungue na dirisha la maneno yaliyoibwa, tukaripoti, tupewe RB. Na nyie mnaoyaiba, mkitaka jina la uchafu wenu, tungeni jipya. Herufi zipo za kutosha, wala hazilipiwi kodi.