Draiva Yenye Leseni

Draiva ya kadi ya mtandao ni programu ndogo yenye kazi moja: kubadilishana data na waya au Wi-Fi na kuzifikisha kwenye mfumo endeshi. Jina lake ni la dereva, na tabia pia. Abiria akilewa ndani ya basi, kondakta humshusha na safari ikaendelea. Ndivyo Windows inavyoifunga programu ya kawaida iliyokorofisha. Dereva akilewa, wote huingia mtaroni. Draiva hizi kwa kawaida hukaa ndani ya kiini cha mfumo, ambako hakuna kondakta, hivyo kosa moja tu hutosha kusimamisha kila kitu na kuleta ile iitwayo skrini ya bluu. Windows 8 ya mwaka 2012 iliipamba skrini hiyo kwa kikatuni cha uso ulionuna, kana kwamba mfiwa ni kompyuta, si yule ambaye ripoti yake ya kurasa 14 ilikuwa haijahifadhiwa.

Kompyuta yenye ugonjwa huu haizimiki mtu akicheza karata. Husubiri faili kubwa inayoshushwa ifike asilimia 97, au zamu ya mwenyewe kuzungumza kwenye mkutano wa video. Ikipelekwa kwa fundi, mezani pasipo mtandao, hukaa imewaka kutwa nzima kwa adabu, na mwenye nayo huonekana mzushi. Hapo ndipo ushauri humiminika: ni virusi, ni vumbi, ni joto, ipigwe Windows upya. Huo wa mwisho ndio wa hasara zaidi, maana Windows mpya huweza kuivuta draiva ileile mbovu kupitia masasisho yake yenyewe, na kilichopotea ni picha za harusi tu.

Dawa huanza kwa kusoma. Skrini ya bluu huwa na maneno, na ya draiva hizi mara nyingi ni DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, yaani kosa 0xD1. Maana yake ni kwamba draiva imenyoosha mkono kuchukua kitu kwenye kumbukumbu ambacho hakipo au kimehamishiwa stoo, tena saa ambayo hairuhusiwi kumtuma mtu stoo. Chini yake huweza kuwapo jina la faili lenye mwisho wa .sys. Likiwa ndis.sys, asihukumiwe haraka: huyo ni trafiki wa Windows, ambaye draiva zote za mtandao hupita mbele yake, na mara nyingi amekutwa tu amesimama penye ajali. Mkosaji hujulikana kwa kufungua kumbukumbu za ajali katika folda ya Minidump, kwa programu kama BlueScreenView au WinDbg. Kila ajali ikitaja jina tofauti, RAM nayo ipimwe.

Leseni haisaidii sana hapa. Windows za biti 64 hudai draiva za kiini ziwe na saini ya kidijitali, lakini saini huthibitisha ilikotoka draiva, haithibitishi kwamba inajua kukata kona.

Kompyuta isiyokaa hata dakika tano huwashwa kwa Safe Mode ya kawaida, ambayo haipakii draiva za mtandao. Ikitulia humo, tuhuma huzidi uzito. Kama matatizo yalianza baada ya sasisho, Device Manager ina kitufe cha Roll Back Driver cha kurudisha draiva ya zamani. Kitufe hicho hufifia pale pasipo na ya zamani ya kurudia. Basi draiva huondolewa na mpya hutafutwa kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, na hapo kichekesho hukamilika: draiva ya mtandao inapatikana mtandaoni. Wenye busara huileta kwa flashi kutoka kompyuta nyingine. Wasio na flashi huunganisha simu kwa waya wa USB na kugawa intaneti, kwa kuwa njia hiyo hutumia draiva nyingine kabisa. Wafanye haraka, maana Windows ikinusa intaneti huanza kushusha masasisho yake, na bando huisha kabla draiva haijafika.

Baada ya hapo kompyuta hutulia. Zile kurasa 14 huandikwa upya.