Jinsi ya Kulimbikiza Yuniti Zote Muhula wa Mwisho: Mwongozo kwa Komredi wa Sayansi

Umetoka Bura ya Taita na alama nzuri za kemia, umeitwa chuo kikuu kusomea sayansi, na kuanzia misheni hadi stesheni habari imefika. Hongera. Sasa imebaki kazi moja: kuyagawa masomo ya miaka minne katika mihula minane. Watu wa kawaida huyagawa sawasawa. Wewe ulipata A ya fizikia, kwa hiyo fuata hatua hizi.

1. Hesabu yuniti, usihesabu saa. Una yuniti saba, na jirani yako wa biashara ana saba. Basi mko sawa. Usiguse kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ambazo kwazo saa tatu za maabara huhesabiwa kama saa moja ya mhadhara. Ukizijua utaogopa kuweka yuniti nne za maabara katika muhula mmoja, na sisi tunataka uziweke. Saa kumi na moja jioni utakuwa umesimama mbele ya bureti, macho kwenye chupa. Tone moja limezidi, na maji yaliyotakiwa kuwa waridi hafifu yamewaka waridi ya kitenge. Mwaga, suuza, anza upya. Wa biashara yuko kibandani, anamalizia chapati ya pili.

2. Msingi uahirishe. Kalkulasi ya kwanza imekulemea? Iache. Ni kweli ya pili inaitegemea, na kemia ya kifizikia inazitegemea zote mbili. Ni kweli pia kwamba yuniti ya muhula wa kwanza mara nyingi haifundishwi tena mpaka muhula wa kwanza wa mwaka ujao. Lakini mwaka ni nini kwa kijana?

3. Yuniti laini zimalize mapema. Stadi za mawasiliano, UKIMWI, masomo ya maendeleo: zibebe zote mwaka wa kwanza ukiweza, kama mtoto anayemaliza nyama kisha akabaki anautazama ugali. Mwaka wa nne usiwe na hata yuniti moja ya kukupa pumzi.

4. Kati, yaani majaribio ya muhula, zidharau. Katika vyuo vyetu vingi, kati na kazi za muhula zina alama 30, mtihani 70, na kupita ni 40. Mwenzako aliyehangaika na kati akapata 22 anaingia mtihani akidaiwa 18 tu, yaani kama robo ya karatasi. Wewe uliyekosa zote unadaiwa 40 kati ya 70, zaidi ya nusu, tena katika yuniti saba, ndani ya majuma mawili. Huo ndio ushujaa. Robo ya karatasi hata mtu aliyelala vizuri anaipata.

5. Kila Ijumaa nenda nyumbani. Ukiwa umeangukia Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopewa hati yake mwaka 2016 na kinachojulikana kwa uhandisi wa madini, una bahati: shuka Mwatate, dandia matatu ya Bura, na giza halijaingia uko mezani unakula kimanga. Ripoti ya maabara ikichelewa, sema ulikesha shambani ukifukuza ndovu. Kwetu hiyo si hadithi. Tsavo iko mlangoni, na mhadhiri aliyekulia Nairobi hana pa kuanzia kukupinga. Itumie kwa kiasi. Ndovu hawali mahindi wiki kumi na tano mfululizo.

6. Atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, ifanye likizo ya kulipa madeni. Jipangie kwamba mchana utakuwa mgodini Mangari kwenye rubi, na usiku utasoma yuniti tatu ulizoanguka. Mawe yale yana zaidi ya miaka milioni 500 na hayana haraka. Msimamizi wako anayo, na jioni utalala na buti miguuni.

7. Mshauri wako wa masomo mkwepe. Mwaka wa kwanza, robo saa tu ofisini kwake ingetosha kuonyesha yuniti ipi inafungua ipi. Subiri muhula wa mwisho, kisha bisha hodi na fomu ya yuniti kumi na moja.

“Shikamoo, daktari.”

“Marahaba. Hizi zote utazisoma lini?”

“Zitaingia tu.”

“Jumanne saa nne una tatu kwa mpigo. Utaingia wewe, au zitaingia zenyewe?”

Mwambie utatuma mwenzako akusainie. Kisha utoke polepole.

8. Usimwige aliyegawa. Yuko mmoja darasani kwenu. Kila muhula aliweka maabara mbili, akachomeka yuniti moja laini, na aliyoanguka aliirudia mara tu ilipofundishwa tena, kabla haijaziba njia ya nyingine. Atahitimu kwa wakati na hatakuwa na kisa chochote cha kusimulia. Wewe utakuwa navyo tele, pamoja na mwaka mzima wa ziada wa kuvisimulia. HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, huhesabu miaka ya shahada, haihesabu miaka yako, kwa hiyo karo ya mwaka huo muombe baba. Anza na kile kisa cha ndovu.