Kombe Moja, Madai Mawili

Mei 7, 1986, mjini Seville, kipa Helmuth Duckadam alipangua penalti nne za Barcelona, zote nne, na Steaua Bucharest, timu ya jeshi la Romania, ikabeba Kombe la Ulaya. Kumbe hiyo ndiyo iliyokuwa kazi nyepesi.

Mwaka 2014 mahakama ikasema jina na nembo ya Steaua ni mali ya jeshi, si ya klabu yenyewe, ambayo sasa ilikuwa mikononi mwa Gigi Becali, tajiri wa ukoo wa wafuga kondoo. Desemba hiyo mabingwa wa nchi wakaingia uwanjani bila nembo kifuani, na ubao wa matokeo, kwa adabu zote, ukawaandika “Wenyeji”. Mtu angedhani yuko harusini, anasubiri pilau.

Mwaka 2017 wakageuka FCSB. Jeshi nalo likaunda Steaua yake, ikaanzia daraja la nne. Mwaka uliofuata, pambano lake na watani wake, Rapid, likavuta watu zaidi ya 36,000. Daraja la nne, jamani!

UEFA inaandika kombe lile kwenye hesabu za FCSB. Wanajeshi wanasema ni lao. Mawakili, kwa upande wao, hawajawahi kukosa msimu.