Jinsi ya Kujenga Nyumba ya Krismasi Kihambani

Desemba ikifika, stendi za Dar es Salaam hufurika watu wa Rombo, Machame, Marangu na Kibosho, na watani wetu Wapare huanza wimbo wao wa kila mwaka: Wachaga wanakwenda kuhesabiwa. Waache waseme. Kuhesabiwa na watu wako ni jambo kubwa. Kama mwaka huu umepata fedha ya kujenga nyumba ya kufikia, fuata maelekezo haya, tena kwa mpangilio.

Anza na shangazi. Mchoro wa nyumba ubaki kwenye begi, kwanza mwamkie, kaa kwenye kigoda, pokea kata ya mbege na uzime simu. Muulize kihamba, yaani shamba la ukoo, kilitoka kwa nani, nani alipanda ile mibuni ya juu, na ni kitinda mimba yupi alibaki na nyumba ya wazazi. Shangazi ndiye anayekumbuka kwamba mdogo wake babu alihamia Tanga akaoa huko, na kwamba wajukuu zake wana haki papo hapo unapotaka kuegesha gari. Na kama wewe ni mtoto wa kwanza wa kiume, yaelekea ulipewa jina la babu mzaa baba. Kila shangazi anapokuita, anamtaja baba yake. Mtu wa namna hiyo usimpe dakika tano.

Kisha mwombe akuzungushe. Atakuonyesha makaburi kando ya migomba, hata yale yasiyo na msalaba wala vigae. Atakuonyesha masale, ule mmea wa majani marefu uliopandwa mpakani. Jani la sale lililofungwa fundo ndilo mtu hupeleka akiomba msamaha, na aliyeletewa anaona uzito kulikataa. Ukimwambia fundi ang'oe masale ajenge ukuta, tafuta kwanza jani la kumpelekea jirani, maana utalihitaji kabla ya Pasaka.

Fundi naye atakushauri ufyeke migomba ili nyumba ionekane kutoka barabarani. Mkatalie katakata. Kihamba kimepangwa kwa akili: miti mirefu juu, migomba chini yake, mibuni kivulini mwa migomba, na samadi ya ng'ombe wa bandani inarudi shinani. Kahawa hiyo ndiyo iliyosomesha wazee wetu, na kwa ajili yake wakulima wa Mlima Kilimanjaro waliunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Kufunika hayo yote kwa pevingi ili magari mawili yapumzike siku kumi ni hasara, nami naisema kwa uchungu. Jenga ndogo. Geti lisiizidi nyumba kimo.

Maji: kama mfongo, ule mfereji wa asili, unapita kwenu, siku ya kuusafisha nenda na jembe lako, au tuma mtu na mchango wako. Bustani ya majani haina udugu na mfongo.

Karatasi usizikwepe. Halmashauri ya kijiji hutoa hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na sheria hiyohiyo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Kwa hiyo dada zako wawepo kikaoni na majina yao yaandikwe. Msisubiri matanga ndipo mgawane kwa kelele.

Mwisho, ondoa nailoni kwenye makochi, na siku ya kuondoka usifunge nyumba miezi kumi na moja ukawaachia popo. Ufunguo mpe shangazi. Wajukuu wanaosoma shule ya jirani walale humo na wajisomee kwenye meza yako kubwa. Umeme uwanunulie wewe, kila mwezi, kwa simu.