Sifa za Mtumishi Asiyedai Posho

Wapo waliousifu Mlima Kilimanjaro, wengine wali wa nazi. Mimi nausifu unyevu wa chumba changu cha nyuma, hapa Mlimwa, Dodoma. Ili kupata nafasi, mjenzi alikichimbia chumba hicho ubavuni mwa kilima, kwa hiyo ukuta wake wa nyuma umebeba udongo hadi karibu na dari. Huko ndiko unyevu unakoishi, bila kulipa kodi.

Fadhila yake kuu ni utumishi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na watumishi wengi hawakufunga virago kwa dhati hadi 2016. Unyevu ulihamia msimu wa kwanza wa mvua. Haukudai posho ya kujikimu, haukuomba lori la mizigo, wala haukuacha familia Dar es Salaam ili kila Ijumaa upate sababu ya kuwahi basi. Ulipangiwa kona ya nyuma ya kabati, ukaripoti. Sijawahi kukuta umetundika koti kwenye kiti na kwenda kunywa chai. Sabasaba upo, Nanenane upo, Idi upo. Na ingawa sisi wengine tumesota daraja moja hadi mvi zikatuota, wenyewe umepanda cheo kwa jasho lake: ulianzia karibu na sakafu, ukathibitishwa kazini usawa wa swichi ya taa, na sasa unakaimu kwenye picha yetu ya harusi. Bi arusi keshaliwa hadi mabegani.

Fadhila nyingine nazitaja kwa kupita. Hauleti ankara. Siku ya mgao, bomba likikohoa upepo mtupu, ukuta una maji. Na shemeji aliyekuja kukaa mwezi mzima aliaga keshokutwa yake.

Una pia elimu. Maji yakipenya ukutani huyeyusha chumvi ya udongo na ya tofali, na tofali za huku nyingine hufyatuliwa kwa maji ya kisima yenye chumvi tele. Kiangazi kikiingia na upepo wake, maji hukauka, chumvi hubaki nyuma ya rangi, hujikusanya na kuisukuma, na plasta hubanduka kama ukoko wa ugali. Hivyo mvua huleta chumvi, na ukavu ndio unaobomoa.

Ukavu! Hapo sifa zinanikwama kooni. Nilipomuuliza fundi kwa nini ukuta haukupakwa lami wala kuvishwa nailoni upande wa nje kabla ya kurudishia udongo, alinicheka. “Bosi, Dodoma hii nchi kavu, lami ya nini?” Mwenye nyumba akajibu vilevile, neno kwa neno. Mkaguzi, kama alifika, nadhani alikagua akiwa ndani ya gari, kioo kimepandishwa kwa sababu ya vumbi.

Nchi kavu, ndiyo. Tunapata kama milimita 570 za mvua kwa mwaka, lakini karibu zote hushuka kati ya Desemba na Aprili, mara nyingi kwa kishindo, juu ya ardhi ngumu isiyowahi kuzinywa. Ni katika ukavu huuhuu ambapo mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaling'oa Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe. Mtaro uliojazwa kokoto nyuma ya ukuta, na bomba la kuyapeleka maji pembeni, ungekuwa kazi ndogo wakati shimo bado liko wazi. Leo lazima kilima kichimbwe upya.

Wagogo wa zamani, ambao mjini tunawaita washamba, walijua paa la udongo la tembe linataka kukandikwa kabla mawingu hayajakusanyika. Walijua kwa sababu walilala chini yake. Aliyejenga nyumba hii halali humu, fundi halali humu, na aliyegonga muhuri wa kibali halali humu.

Juzi mwenye nyumba alileta vijana wawili wakapaka rangi ya maziwa juu ya chumvi, bila hata kuikwangua. Jioni akanipigia kunieleza kwamba kodi imepanda, maana nyumba imekarabatiwa, na kwamba anaipokea ya miezi sita kwa mkupuo.