Pau Moja

Bwanangu alirudi kutoka melini na mtindo mpya wa briji, na wiki nzima tukala cha usiku karata zikiwa mezani. Mtindo wenyewe ni Precision, uliobuniwa na C. C. Wei, Mchina mwenye meli. Timu ya Taiwan iliutumia mwaka 1969 ikafika fainali ya Bermuda Bowl. Naye Harold Vanderbilt, aliyeipa briji hesabu zake akiwa safarini baharini mwaka 1925, ndiye aliyetangulia kuitumia pau kutangaza nguvu. Mabaharia wana muda wa kufikiri.

Niliupenda papo hapo. Ree ni pointi 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1. Mwenye 16 au zaidi hufungua mnada kwa "pau moja", hata kama pau zenyewe hana. Pau ndiyo ya chini kabisa, hivyo ngazi nzima inabaki wazi nyinyi wawili mpate kuulizana. Mwenzako akiwa na 0 hadi 7 hujibu "uru moja", na uru nazo huenda hana. Kunyamaza ndiko kusikoruhusiwa, kamwe.

Ijumaa wakaja ami yake na shangazi. Pilau ilikuwa jikoni, nimeipalia makaa. Bwanangu akatamka, "Pau moja." Shangazi akapita. Mimi nina malkia wa shupaza, mfalme wa uru na pau tatu ndogo. Harufu ya wali unaoshika chini ikanifikia, nami nikafuata mazoea ya baba yangu aliyenifundisha karata: kwake pau moja ilikuwa pau kweli, na mwenye pointi 5 alinyamaza.

"Napita," nikakimbilia jikoni.

Ami, mwenye pau sita, naye akapita upesi, mnada ukaishia kwenye pau moja.

Niliporudi kuzilaza karata zangu, nikauona uso wa bwanangu. Alikuwa na pointi 20, shupaza sita, na pau moja pekee. Shupaza nne zilikuwa zetu wazi! Tulihitaji kula mara 7, tukala mara 5. Pointi 100 zikaandikwa kwao. Hakunilaumu, kila karata aliicheza kwa makini, na hilo liliniuma zaidi.

Pilau tuliila ya juu, ukoko ukabaki sufuriani.

Wageni walipoondoka, akagawa karata tena, sisi wawili tu. Karibu na saa sita usiku nikapata mkono usio na hata ghulamu.

"Pau moja," akasema.

"Uru moja," nikajibu, hajafunga mdomo.