Fangasi Mezani

Tochi ya simu imevunja mauzo mengi ya lenzi kuukuu kuliko mikwaruzo na fangasi kwa pamoja. Washa tochi, ishike nyuma ya kioo kwa upande, chungulia kwa mbele: hata lenzi iliyotoka kwenye boksi leo asubuhi itakuonyesha vumbi, vinyweleo na michirizi ambayo utaapa ilitokana na ajali ya barabarani. Mtu naye akimulikwa hivyo usiku wa kuamkia posa, hapati mchumba.

Nazungumza kama mtu aliyeshika tochi wiki nzima. Mzee mmoja wa hapa Tanga, aliyekuwa akipiga picha za harusi na za pasipoti enzi za filamu, alikubali kuniachia lenzi yake ya Helios kwa laki moja na ishirini, tena kwa sharti la kiungwana: nikae nayo mpaka Jumapili, nikiridhika nimpelekee hela, nisiporidhika niirudishe na pasiwe na maneno. Aliitoa ndani ya soksi. Soksi ya kijivu, ya shule, moja.

"Mkoba wake wa ngozi niliutupa zamani," akasema. "Ule ndio unaoua lenzi."

Hapo akaniteka, kwa sababu ndivyo ninavyoamini na mimi. Wanunuzi wengi hutafuta lenzi isiyo na alama, iliyolala ndani ya mkoba wake tangu siku ya kwanza. Mimi lenzi safi mno hunitia wasiwasi. Kwenye pwani yetu hii, ambako hata chumvi ya mezani huloa yenyewe kikoponi, kitu kikifungiwa kabatini ndani ya ngozi kwa miaka, unyevu hufungiwa humo humo. Gizani fangasi wanafungua mji. Wanakula vumbi na mafuta ya vidole, kisha wanatoa asidi inayotafuna utando wa kioo, na wakiachwa sana huacha makovu kwenye kioo chenyewe. Lakini lenzi iliyochubuka rangi mpaka alumini inachungulia pembeni ni lenzi iliyokuwa kazini. Imepigwa na jua na upepo, imezungushwa kila Jumamosi mbele ya bibi harusi. Fangasi hawapendi kusumbuliwa hivyo.

Yenyewe ni Helios 44-2, kazi ya Wasovieti: milimita 58, tundu la mwanga linalofunguka hadi f/2, vioo sita, mchoro wake umetokana na Biotar ya Zeiss, Wajerumani wa Jena, ya kabla ya Vita Kuu ya Pili. Zilitengenezwa kwa wingi mno ili zifungwe kwenye kamera za Zenit, ndiyo maana mpaka leo hazijageuka dhahabu. Hii ina alama ya kiwanda cha Krasnogorsk, karibu na Moscow, na namba yake inaanza na 78. Kwa lenzi hizi, tarakimu mbili za mwanzo kwa kawaida ndio mwaka: 1978. Ina umri wa kuwa shangazi.

Kukagua kunahitaji giza, na nyumba yetu ina giza la uhakika sehemu moja tu, nayo ina foleni. Nikajifungia chooni na tochi. Mke wangu akagonga. Shemeji akagonga. "Mnasubiri nini," nikasema, "natafuta fangasi." Sentensi hiyo ikasafiri hadi ukumbini, alikokuwa amekaa mama mkwe, mgeni wetu kutoka Pangani, akichambua mchele.

Nilipotoka alikuwa ameshavua miwani.

"Fangasi, baba?"

"Si wa mwilini, mama. Ni wa kioo."

"Na kioo chenyewe umekiweka mezani hapa, tunapolia chakula?"

Nikamweleza kwamba hawa hawapandi vidoleni, kwamba mbegu zao zimejaa hewani kila mahali na kinachowaotesha ni unyevu. Hilo la kujaa hewani lingeweza kusubiri siku nyingine. Alifungua mkoba wake, akatoa tyubu ya dawa ya kupaka, akaisogeza upande wangu bila kusema kitu.

Ukweli ni kwamba nilichokiona chooni hakikuwa cha kutisha. Vumbi lilikuwepo, nikalipita. Vumbi la ndani halionekani pichani. Kioo cha mbele kilikuwa na mikwaruzo miwili myembamba, ambayo huleta shida ukielekea jua tu. Kioo cha nyuma ndicho cha kukikazia macho, kwa kuwa kiko karibu na picha na alama ya huko hujitokeza mapema. Hiki kilikuwa safi. Vibamba vya tundu la mwanga, vyote vinane, vilikuwa vinang'aa mafuta. Kwenye lenzi ambayo kamera huvifunga yenyewe kwa kasi, mafuta hayo huvigandisha. Hapa navifunga kwa mkono wangu mwenyewe, kwa raha zangu, kwa hiyo mafuta ni pambo. Nikatafuta pia rangi za upinde wa mvua pembeni mwa vioo, maana gundi inayounganisha vioo viwili ikianza kuachia hujitangaza hivyo, na hiyo hairekebishiki kwa bei ya mtu wa kawaida. Sikuiona.

Halafu skrubu. Hizi watu huzisahau, nami nazipa uzito kuliko mikwaruzo. Mifereji yake ikiwa imetafunwa, ujue kuna fundi aliwahi kuifungua, pengine kwa kisu cha mkate, na vioo vikirudishwa vimepinda kidogo tu, upande mmoja wa picha utakuwa mkali na mwingine umelala. Skrubu za mzee zilikuwa na midomo mizima.

Ila pembeni kabisa ya kioo cha ndani palikuwa na uzi mweupe wenye matawi, usiozidi punje ya mchele. Ndio wenyewe.

Nimetaja mchele, kwa hiyo bora niseme yaliyofuata. Kesho yake nikaenda kazini nikaiacha lenzi kabatini. Shemeji, kijana mwenye huruma ambaye simu yake iliwahi kutumbukia kwenye ndoo ya maji na kufufuka baada ya kuzikwa kwenye mchele, akaona haiwezekani mume wa dada yake akateseka na unyevu wakati dawa iko jikoni. Niliporudi jioni nikaikuta Helios ndani ya ndoo ya mchele wa mama mkwe, ule uliochambuliwa punje kwa punje, imezama mpaka shingoni.

Mchele una unga. Pete ya kutafuta ukali wa picha, ambayo jana yake ilizunguka kwa uzito mtulivu wa grisi ya kizamani, sasa ilikuwa inasema kwaru. Nilipuliza kwa pampu ya mpira, nikafuta kwa brashi laini huku nimeielekeza chini, mpaka kwaru ikawa mnong'ono, kisha ikaisha. Mama mkwe hakuwa na habari na pete. Alikuwa amesimama mlangoni, anaitazama ndoo.

"Huo mchele," akasema, "mimi siuli."

Ukaenda kwa kuku wa jirani, kilo zote. Kuku hawakuuliza maswali.

Jumamosi ikabaki ya kupiga picha, maana tochi hufika mahali ikakaa kimya. Nikaifunga Helios kwenye kamera yangu ya dijitali kwa pete ya kuunganishia ya M42, nikatoka uani. Kwanza mnara wa msikiti wa mtaa wa pili, kuhakikisha kwamba pete ya ukali ikizungushwa mpaka mwisho kitu cha mbali kinakuwa kikali, ikafika. Kisha nikatafuta maandishi madogo ya kupimia, na hapa nasema bila woga kwamba hakuna kipimo cha lenzi kinachoishinda kanga iliyoanikwa. Ina mistari, ina nukta, ina pindo, na katikati yake yapo maneno yaliyopangwa sawasawa kwa herufi kubwa. Jirani alikuwa na nne kambani.

Kwa f/2 herufi zilisomeka katikati, zikiwa na mng'ao wa kimaziwa pembeni mwake. Kwa f/8 nilikuwa naona hadi nyuzi za pindo. Nikakuza picha kwenye kioo cha kamera nisome vizuri: UNANICHUNGUZA YA NINI, YAKO YAMEKWISHA?

"Jirani," sauti ikatoka nyuma ya kamba. "Unapiga picha nguo zangu?"

"Napima lenzi, mama."

"Jana mmewapa kuku wangu mchele wa kitumbua, leo mnapiga picha kanga. Semeni tu mnataka nini."

Nikamwonyesha picha. Akaitazama kwa muda, akaomba niikuze, akaona doa la mchuzi ambalo alikuwa amelifua kwa nguvu zote na kuamini limetoka. Hilo likamuuma kuliko mimi. Kisha akasema kama kamera inaona hivyo basi nimpige na yeye, akaingia ndani, akatoka amejifunga kanga kavu na amepaka wanja, akasimama mbele ya mwembe. Nikafungua f/2. Uso ukatoka mkali, ngozi imetulia, na majani ya mwembe nyuma yake yakazunguka kama Helios inavyojulikana kuyazungusha. Uzi wa fangasi nikautafuta kila kona ya picha ile. Haukuonekana.

"Mbona mti umelewa?" akauliza, na hapohapo: "Nitumie WhatsApp."

Jumapili nikampelekea mzee hela. Nikamwambia, kwa kuwa ndiyo haki, kwamba ndani kuna fangasi kidogo, upande wa chini. Moyoni nilikuwa nimeshaandaa kuomba punguzo la elfu ishirini.

"Nawajua hao," akasema. "Wamehudhuria harusi nyingi na hakuna picha hata moja waliyotokea."

Punguzo likafia hapo. Nikahesabu noti, nikamkabidhi. Mzee akasogea dirishani, akavaa miwani, akainua noti ya kwanza kwenye mwanga, akaigeuza nyuma, akapitisha kidole gumba kwenye mikunjo. Akafanya hivyo kwa kila moja bila haraka. Noti mbili akazirudisha: moja ilikuwa imechanika kona na kubandikwa gundi, nyingine ilikuwa imeandikwa namba ya simu kwa kalamu.

"Hizi," akasema, "zina matumizi mengi."

Elfu ishirini hiyo nikamtumia kwa simu. Akanikumbusha kuongeza na ya kutolea.